Samaki Amepungua Kidogo, au Kidogo Kidogo? Tathmini ya Mgahawa Mmoja wa Mtwara

Nimekuwa mteja wa mgahawa huu tangu mwaka 2016, na kwa hesabu ya harakaharaka nimekwisha kuketi katika mabenchi yake zaidi ya mara mia tano, idadi inayonipa haki ya kuuzungumzia kwa mapana kuliko mgeni aliyepita siku moja akala, akalipa na kwenda zake. Hata hivyo, wingi huo wa siku ndio ulioniponza. Aliyeingia mara moja ana jambo moja la kusema, kwamba chakula kilikuwa kizuri au kilikuwa kibaya. Mimi napaswa kueleza jinsi chakula kilichokuwa kizuri sana kilivyofikia kuwa kizuri kiasi, na kila nikiiandika sentensi hiyo nakwama kwenye kielezi. Kilifikaje huko? Polepole? Taratibu? Kidogo kidogo? Kimyakimya? Nilifundisha Kiswahili shule ya sekondari kwa miaka mingi, na nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba maneno hayo yamekaribiana mno kimaana, hivyo lolote watakaloliweka litafaa. Baada ya miaka yote hii ya kula wali hapa, nawadai wanafunzi wale radhi.

Jina la mgahawa nitalihifadhi, kwa kuwa nina malalamiko, na mwenyewe ni mama tunayesalimiana kila siku. Itoshe kusema kwamba uko Mtwara mjini, upande wa pwani, mahali ambapo mtu akiketi na kutazama mbele anaiona Msangamkuu ng'ambo ya maji na kivuko kikienda na kurudi. Paa ni la bati lililoliwa na hewa ya chumvi, meza ni sita, na sakafu hufagiliwa vizuri. Asubuhi kuna chai ya tangawizi, chapati na mihogo ya kuchemsha. Mchana kuna wali wa nazi, ugali, maharage, kisamvu na samaki wa kukaanga au wa mchuzi. Na siku za Ijumaa na Jumamosi kuna pweza wa nazi, ambaye nitamrudia kwa kirefu kwa sababu anastahili. Orodha ya vyakula na bei huandikwa kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa karibu na mlango wa jikoni.

Naanza na samaki, maana ndiko uliko ugomvi. Mwaka ule wa kwanza kipande cha nguru kilikuwa na upana wa vidole vyangu vinne. Nalikumbuka hilo kwa sababu nina tabia, ambayo marehemu mama yangu aliikemea hadi akachoka, ya kulaza mkono kando ya sahani na kukipima chakula kabla sijakigusa. Leo kipande hicho ni vidole viwili na nusu, na huo nusu nimeuongeza kwa ukarimu. Lakini hakuna hata siku moja niliyoinuka mezani nikasema kwamba leo kimepungua. Kila siku kilikuwa sawa na jana.

Aliyeniamsha ni mwenzangu tuliyefundisha pamoja, ambaye alihamia Newala na kupotea miaka mitatu. Alikuja Mtwara wakati wa msimu wa korosho, nikamleta hapa nikijigamba, sahani zikaja, akaitazama yake, akanitazama mimi, kisha akauliza, “Mwalimu, mbona samaki wa hapa amepungua ghafla hivi?” Nilitaka kumbishia. Ghafla? Jambo lililochukua miaka mitatu linawezaje kuitwa la ghafla? Nikatazama tena sahani, nikalaza mkono, na maneno yakaniishia. Kwake yeye ilikuwa ghafla kweli, kwa kuwa alikula kipande cha mwaka wa kwanza na kipande cha leo bila kimoja katikati, ilhali mimi nilikuwa nimekula vipande vyote vya katikati, kila kimoja kikinidanganya kwamba ni sawa na kilichotangulia. Kumbe kielezi cha mabadiliko, mbali na kusema jambo lilivyotukia, kinasema pia msemaji alikuwa wapi lilipokuwa likitukia. Kwa hiyo ewe msomaji unayeusoma uamuzi wangu, jiulize kwanza u mgeni au u mkazi, kwa maana samaki huyohuyo atakuwa na vielezi viwili.

Nilichokuwa nikisema mimi kila siku, kama ningeulizwa, ni kwamba samaki “amepungua kidogo”. Tofauti ya neno moja na neno lililorudiwa ni kubwa kuliko nilivyowahi kuwaeleza wanafunzi wangu. Ukisema kimepungua kidogo, umepima matokeo, na matokeo ni madogo. Hakuna mtu wa kulalamikia kidogo. Ukisema kimepungua kidogo kidogo, hukusema lolote kuhusu ukubwa wa kilichopotea, umeieleza njia tu, na njia hiyo inaweza kuishia kwenye sahani tupu. Lugha yetu inapenda kurudia maneno pale inapotaka kuonyesha jambo linalojirudia, na methali zinajua hivyo tangu zamani: bandu bandu huisha gogo, chovya chovya humaliza buyu la asali. Ajabu ni kwamba shuleni tulifundishwa zaidi ile ya haba na haba hujaza kibaba, yenye kibaba kinachojaa, kana kwamba hakuna kibaba kinachoweza kutoka kwa njia ileile kilimoingilia. Watu wa mkoa huu wangepaswa kuwa wajuzi zaidi, maana anayeuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa kupimiwa na wachuuzi kwa chombo badala ya mizani, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika kwenye zao hilo mwaka 2007, anajua kwamba chombo cha kupimia kina tabia ya kutanuka msimu hadi msimu pasipo mwenye chombo kukiri kwamba amekibadilisha.

Kwa nini nisiseme basi kwamba samaki alipungua polepole? Nililiandika neno hilo katika rasimu ya kwanza, nikalifuta, kwa sababu mbili. Kwanza, polepole linataka mwendo na linataka mwendaji: gari linakwenda polepole, mzee anatembea polepole, maji yanapanda polepole. Kipande cha samaki hakikuwa kikitembea. Pili, na hii ndiyo sababu yenye uzito, masikioni mwa Mswahili neno hilo lina sifa ndani yake. Polepole ndio mwendo, tunasema, na tunamsifu mwendapole kwamba hajikwai. Kuandika kwamba mgahawa umepunguza samaki polepole ni kuusifia busara wakati nia yangu ni kuushitaki, na msomaji mwepesi angeondoka akidhani nimependezwa.

Taratibu nalo lina kisa chake, na nililifahamu vizuri zaidi humuhumu jikoni. Siku moja nilifika mapema, nikaruhusiwa kukaa karibu na mlango kwa kuwa nje kulikuwa na mvua, nikamwona binti wa jikoni akikoroga tui kwenye sufuria ya pweza. Alikuwa akikoroga polepole sana, mwiko ukipita mara moja kisha ukipumzika, naye akizungumza na mwenziwe, huku chini ya sufuria moto ukiwaka kwa nguvu. Muda si muda tui likakatika: mafuta yakaelea juu yakang'aa, na chini yakabaki maji meupe yenye chembechembe kama maziwa yaliyoganda. Mama mwenye mgahawa akaja, akatazama, akasema bila kupaza sauti, “Nilikwambia ukoroge taratibu, sikukwambia polepole.”

Nimelikumbuka neno hilo kila nilipoandika tangu siku ile. Binti alikuwa amelielewa agizo kama la kasi, wakati lilikuwa agizo la mpango. Taratibu ni ndugu wa utaratibu: moto hupunguzwa kwanza, tui jepesi hutangulia na kuchemka na pweza, tui zito huingia mwishoni, na mwiko hausimami mpaka sufuria iipuliwe, kwa sababu tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji na mchemko mkali huyatenganisha. Mtu anaweza kukoroga taratibu kwa mkono mwepesi wa haraka, na anaweza kukoroga polepole bila utaratibu wowote, kama tulivyoona. Kwa hiyo nikiandika kwamba mgahawa ulipunguza samaki taratibu, nitakuwa nimedai kwamba kulikuwa na mpango, kwamba mtu alikaa na kupanga. Hilo sikuwa na ushahidi nalo, mpaka nilipouliza.

Kabla ya kuuliza, nimalizane na pweza, kwa maana sipendi tathmini inayochelewesha sifa. Pweza wa mgahawa huu ni mzuri kuliko wote niliowahi kula kati ya Mikindani na Lindi. Huchemshwa kwanza kwa maji yake mwenyewe, bila haraka, kwa zaidi ya saa nzima, na hapa ndipo neno polepole linapostahili kukaa, kwa kuwa ugumu wa nyama ile hulainika kwa muda na joto la wastani, na hakuna ukali wa moto unaoweza kuchukua nafasi ya muda. Anayemharakisha hupata mpira. Mama huyu hamharakishi. Kipande kinakatika kwa jino bila kuvutana nalo, ngozi ya nje imebaki na rangi yake ya zambarau iliyokolea, mchuzi umeshika nazi na ndimu na pilipili mbichi kiasi cha kupasha midomo tu, na chumvi imeingia mpaka ndani badala ya kukaa juu. Kwa miaka yote niliyokula, pweza huyu hajabadilika. Nimemtafutia kielezi nikakosa, kwani lugha haina haja ya kielezi kwa kitu kilichosimama palepale.

Sasa swali. Jumamosi moja, wateja walipopungua, nilimwendea mwenyewe mezani alipokuwa akihesabu fedha, nikamwambia kwa heshima zote, “Mama, samaki wako amepungua kimyakimya.” Aliweka noti chini.

“Kimyakimya? Kwani mimi mwizi, Mwalimu?”

Nilijua papo hapo kwamba nimekosea neno. Kimyakimya, kama kinyemela na chinichini, ni kielezi cha mtu anayejificha. Hakielezi kasi wala kiasi. Kinaeleza nia, tena nia mbaya. Nikamwomba radhi, nikamuuliza basi yeye angesemaje. Akanieleza kwamba bei ya nguru imepanda, mkaa umepanda, mafuta ya kupikia yamepanda, na kwamba akigusa bei ya sahani wateja hula nyumbani siku tatu kumkomoa. “Nilikata kidogo, nikaona mmekula. Nikakata tena kidogo, nikaona mmekula. Sikuficha kitu, kipande nilikuwa nakiweka mbele ya macho yenu.”

Hapo nilipata kielezi changu kutoka kinywani mwa mshitakiwa mwenyewe. Kidogo, kisha tena kidogo: kwa mkono wake neno lilikuwa moja moja, na kwenye kumbukumbu yangu likajikusanya likawa kidogo kidogo. Wala siwezi kumwita mjanja peke yake, kwa sababu kimya nilichotaka kumbebesha kilikuwa changu pia. Ni mimi niliyelaza mkono kila siku na kutosema neno. Hata hivyo malalamiko yangu yanabaki. Mteja anayelipia vidole vinne na kupewa viwili na nusu ameongezewa bei, hata kama ubao haujaguswa, na namna hii ya kupandisha bei ina ubaya wake kwamba haimpi mtu nafasi ya kukataa. Bei iliyoandikwa haiwezi kufanya mchezo huo. Ubao hupanda kwa mia tano mia tano, na siku inapopanda kila aliyepo anageuza shingo. Nilikuwepo sahani ya wali na samaki ilipotoka shilingi 4,000 hadi 4,500. Mabaharia wa meza ya pili walipiga kelele kana kwamba mtu amezama. Kwenye vidole vyangu hakuna aliyepiga kelele.

Haki inanitaka niseme kwamba mambo mazuri nayo yamekuja kwa njia ileile ya kutojionyesha. Mwaka 2016 nilikuwa nikisubiri sahani kwa muda wa kusoma gazeti lote, pamoja na matangazo ya zabuni. Leo nasubiri kwa muda wa kunawa na kukaa. Ndoo ya kunawia yenye kata ilikuwa pale, ikaja ndoo yenye koki, sasa kuna sinki na sabuni ya maji, na sikumbuki kusikia mtu akimshukuru mwenye mgahawa kwa hata moja kati ya hayo. Kwenye risala na ripoti za ofisini mabadiliko ya namna hii huitwa ya hatua kwa hatua, neno ambalo mimi nalitumia kwa uangalifu kwa kuwa linadai ngazi zilizohesabiwa na mtu anayejua ngazi ya mwisho iko wapi. Nilipomuuliza mama kama alikuwa amepanga kufika kwenye sinki, alicheka. Ndoo ilitoboka, akanunua nyingine. Basi huduma hapa imezidi kuwa nzuri siku hadi siku, na utaona kwamba mzigo wa maana umehamia kwenye kitenzi “imezidi”, ambacho chenyewe kinatosha kusema kwamba jambo linaendelea bila kusema linakwendaje.

Vijana wanaohudumia mezani wana neno lao, mdogo mdogo, na ukimuuliza mmoja wao maisha yanakwendaje atakwambia yanakwenda mdogo mdogo, kwa maana kwamba hayajafika lakini hayajasimama. Ni neno zuri la maongezi, nisingeliweka kwenye barua. Mvuvi mzee anayekunywa chai kwenye meza ya pembeni anasema asteaste, neno la pwani ambalo siku hizi nalisikia zaidi kwenye mashairi kuliko sokoni, na analitumia kwa jambo moja tu, yaani kusogeza chombo majini ili kisigonge mwamba. Nilimjaribu kwa samaki wa sahanini. Akasema hapana, asteaste ni kwa kitu unachokionea huruma.

Kuhusu badiliko lisilotambulika kabisa, nimegundua kwamba hatuna kielezi cha neno moja, na badala yake tunatumia sentensi nzima: hata usijue limeanza lini, pasipo mtu kutambua, bila mwenyewe kujijua. Meza iliyo bora kuliko zote katika mgahawa huu, ile ya mwisho upande wa bahari, ni mahali pazuri pa kulithibitisha hilo. Keti pale maji yakiwa yamekupwa, agiza chai, uchague jiwe moja la kulitazama. Saa ya kwanza hutaona lolote, kwa sababu maji yanayojaa huanza kwa uzito, yakipanda sehemu ndogo sana ya safari yao. Lakini katika saa ya tatu na ya nne, kati ya zile sita hivi za kujaa, hupanda karibu nusu nzima, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, utaliona jiwe likimezwa mbele yako. Ukisema maji yamejaa polepole, umesema kweli kwa saa ya kwanza na ya mwisho, umedanganya kwa zile za katikati. Nashuku hata vidole vyangu vilipungua hivyo: miaka miwili bila dalili, kisha mwaka mmoja uliobeba sehemu kubwa, kisha utulivu tulio nao sasa. Sikuandika tarehe, kwa hiyo siwezi kuapa.

Ushauri wangu kwa anayetaka kwenda ni huu. Samaki wa kukaanga aagizwe na mtu asiye na njaa kubwa, au aagizwe vipande viwili na kulipiwa viwili, jambo ambalo mama hulikubali bila kununa. Wali ni mzuri na haujaguswa. Kisamvu kinategemea siku. Chai ya asubuhi ilikuwa na tangawizi ya kuwasha koo, na sasa tangawizi hiyo unaitafuta; hilo nalo limekwenda kidogo kidogo, na nalisema mapema kabla halijatimiza miaka mitatu. Pweza usimkose, lakini fika kabla ya saa saba mchana, kwa maana mvuvi mzee na wenzake huingia mara baada ya swala ya adhuhuri na sufuria ni moja.

Wiki mbili baada ya mazungumzo yetu nilikuta ubao umefutwa na kuandikwa upya. Panapoandikwa samaki pana mistari miwili sasa, kipande kikubwa shilingi 6,500 na kipande kidogo shilingi 4,500. Niliagiza kikubwa, nikalaza mkono kando ya sahani mbele ya mama, naye akasimama akinitazama mpaka nilipohesabu. Vilikuwa vidole vinne kasoro kucha.